Shekhar Mehta: Bingwa wa Safari Rally aliyejua kulihurumia gari

APRILI 11, 1979 majeshi ya Tanzania, yakiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliingia Kampala na kuuhitimisha utawala wa Idi Amin. Vita vilivyoanza kwa uvamizi wa Kagera miezi michache kabla vilikuwa vimemfikia mvamizi nyumbani kwake.

Pasaka ya mwaka huo iliangukia Aprili 15. Wikiendi hiyo hiyo, katika nchi jirani ya Kenya, mwanamume mmoja mzaliwa wa Uganda alikuwa nyuma ya usukani wa Datsun 160J akipambana na tope, vumbi na usingizi. Familia yake ilikuwa imelazimika kuikimbia Uganda miaka 7 kabla, kutokana na amri ya Amin huyo huyo. Mashindano yalipomalizika alikuwa ameshinda Safari Rally kwa mara ya pili, na angeshinda tena katika miaka 3 iliyofuata bila kukatizwa na mtu.

Jina lake lilikuwa Chandrashekhar Mehta, lakini mashabiki wa mbio za magari kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam walimfahamu kwa jina fupi la Shekhar. Alishinda Safari Rally mara 5: mwaka 1973, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982. Ushindi wa mara 4 mfululizo haujarudiwa na dereva mwingine yeyote hadi leo.

Wapo madereva waliokuwa na kasi kumzidi. Wapo waliotoka Ulaya wakiwa na majina makubwa, timu zenye fedha nyingi na magari yenye nguvu kuliko lake. Kilichomtofautisha Mehta ni kwamba gari lake, kwa kawaida, lilifika. Katika mashindano ambayo magari mengi yaliachwa porini yakiwa yamevunjika, hiyo ilikuwa sifa yenye thamani kuliko kasi.

Mehta alizaliwa Juni 20, 1945 katika familia ya Kihindi yenye uwezo, iliyomiliki mashamba makubwa nchini Uganda. Alianza kushiriki mbio za magari akiwa na umri wa miaka 21, kwa gari aina ya BMW. Uganda ya miaka hiyo ilikuwa shule nzuri kwa dereva kijana. Nje ya miji mikubwa barabara zilikuwa za udongo mwekundu, ambao wakati wa kiangazi huwa vumbi linaloziba macho na mvua zikinyesha hugeuka utelezi usio na huruma.

Safari Rally yenyewe ilikuwa changa kuliko Mehta kwa miaka 8. Ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi ilifanyika kipindi cha Pasaka, wakati masika yanapoanza kushika kasi, na barabara haikufungwa kwa ajili ya washindani. Mabasi, malori, ng'ombe na waenda kwa miguu waliendelea na safari zao kama kawaida.

Kipimo kilikuwa rahisi kueleza na kigumu kukitimiza. Dereva alipewa muda wa kufika kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa kuwa alama ya adhabu. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza 91, na kwa mara nyingine yakamaliza 7.

Takwimu hizo ziliwavutia watengenezaji wa magari wa Japani, waliokuwa wakitafuta namna ya kuuaminisha ulimwengu kwamba bidhaa zao ni imara. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani mkazi wa Kenya, aliipa Datsun ushindi kwa gari la 1600 SSS, gari ambalo kwa sura halikuwa na tofauti kubwa na lile la mtumishi wa serikali anayekwenda kazini.

Mwaka uliofuata Datsun ilileta gari la aina nyingine kabisa. Hilo lilikuwa 240Z, gari la michezo lenye milango miwili, boneti ndefu na mgongo unaoteremka kwa nyuma. Lilikuwa limeingia sokoni mwishoni mwa mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita 2,393 na nguvu ya farasi takriban 150. Kulipeleka gari kama hilo katika barabara za Afrika Mashariki wakati wa masika kulionekana kama kumpeleka bwana harusi shambani akiwa na suti yake.

Hata hivyo, 240Z ilishinda. Herrmann alikuwa wa kwanza, na nyuma yake, akiwa na 240Z nyingine, alikuwa Shekhar Mehta aliyesomewa ramani na Mike Doughty. Mehta alikuwa na umri wa miaka 25, na tangu siku hiyo hakuwa tena mtoto wa tajiri anayejifurahisha kwa magari.

Mwaka 1972 mashindano yalianzia na kumalizikia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuyashinda. Kwa Mehta, hata hivyo, tukio kubwa la mwaka huo halikuwa la michezo. Agosti 4, Idi Amin alitangaza kuwa Waasia waondoke Uganda, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Familia ya Mehta ilikimbilia Kenya.

Kwa hiyo dereva aliyejipanga kuanza mbio za Pasaka ya mwaka 1973 hakuwa yule wa mwaka 1971. Alikuwa amepoteza nchi aliyozaliwa. Gari lilikuwa lile lile, Datsun 240Z, na safari hii msoma ramani wake alikuwa Lofty Drews.

Mashindano ya mwaka huo yalikuwa na uzito wa pekee kwa kuwa yaliingizwa katika ubingwa wa dunia wa rally, ambao ndio kwanza ulikuwa umeanzishwa. Yalikuwa ya maelfu ya kilomita, usiku na mchana, na mwisho wake ukawa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Mehta na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, walimaliza wakiwa na alama za adhabu zinazolingana kabisa.

Ilibidi kanuni itumike kumpata mshindi. Iliangaliwa ni nani kati yao aliyekwenda mbali zaidi bila kupoteza alama, na Mehta akatangazwa bingwa. Dakika moja pekee, mahali popote katika safari ile ndefu, ingetosha kumnyima ushindi. Pancha moja zaidi, lori moja lililokataa kupisha, au nati moja iliyolegea na kuhitaji spana.

Hapo ndipo inafaa kuitazama 240Z kwa chini, kwenye magurudumu ya nyuma, mahali ambapo watazamaji wa barabarani hawakuwa na sababu ya kupatazama.

Kila gurudumu la nyuma la gari hilo hujitegemea. Limeshikwa na mhimili wa wima uliobeba springi na shokapu, na chini ya mhimili huo upo mkono wa chuma unaoliunganisha gurudumu na bodi. Tairi linapoingia shimoni au kupanda jiwe, mkono huo hupanda na kushuka. Mahali unapozungukia ndipo zilipo bushi: 2 upande wa ndani karibu na difu, na 2 upande wa nje chini ya mhimili. Kwa magurudumu yote mawili ya nyuma, jumla ni bushi 8.

Bushi ikiwekwa mezani ni kitu cha kudharauliwa. Ni bomba dogo la chuma lililo ndani ya bomba kubwa kidogo, na katikati yake kuna mpira ulioshikamana na chuma pande zote. Mpira huo hautelezi. Hujisokota mkono unapopanda, kisha huurudisha mkono mahali pake, na wakati huo huo humeza mtetemo ambao vinginevyo ungeipiga bodi moja kwa moja. Chuma kikigongana na chuma bila kitu laini katikati, kimojawapo huvunjika.

Bushi zikichakaa, gari halisimami siku hiyo hiyo. Huanza kwa mlio mdogo wa kugonga kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta. Kisha sehemu ya nyuma huanza kutangatanga, kana kwamba gurudumu la nyuma nalo linataka kukata kona kwa uamuzi wake. Tairi huliwa upande mmoja. Katika barabara ya lami ni kero. Katika barabara yenye vijituta vilivyojipanga kama mikunjo ya bati, dereva akiwa katika mwendo wa kasi na upande mmoja kukiwa na korongo, ni hatari.

Wamiliki wa 240Z waliobaki na magari hayo mpaka leo wanajua kwamba kuzibadilisha bushi hizo ni kazi ya kumjaribu fundi. Gari huinuliwa kwa jeki na kuegeshwa juu ya stendi imara za chuma, kwa sababu jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu anayelala chini ya gari. Magurudumu huondolewa. Bushi za ndani hushikwa kwa vifuniko vyenye bolti, na hizo kwa kawaida hutoka bila ugomvi mkubwa.

Ugomvi upo upande wa nje. Hapo umepita msumari mrefu wa chuma, mnene kuliko kidole, unaopenya bushi ya mbele, tako la mhimili na bushi ya nyuma. Katikati yake msumari huo umefungwa na kipini kidogo kinachouzuia kuzunguka. Maji na matope huingia humo kwa miaka, kutu hushika, na msumari hugeuka kuwa kitu kimoja na chuma kinachouzunguka. Nati hufunguka, kipini hutoka, lakini msumari hukataa.

Fundi mwenye haraka huupiga nyundo. Matokeo yake ni kwamba ncha yake hupanuka kama uyoga na kuharibu nyuzi za nati, na kuanzia hapo msumari hautoki tena kwa njia ya heshima. Fundi mwenye subira huumwagia mafuta ya kulegeza kutu siku kadhaa mfululizo, huiacha nati mwishoni ili ipokee pigo badala ya nyuzi, au huuchukua mkono mzima pamoja na mhimili na kuupeleka kwenye presi. Vyote vikishindikana, msumari hukatwa kwa msumeno pande mbili na kubadilishwa.

Bushi kuukuu nayo haitoki kwa kuombwa. Mpira hutobolewa na kusukumwa nje, kisha bomba la nje lililobaki ndani ya mkono hukatwa kwa urefu kwa msumeno wa chuma, taratibu, ili jino la msumeno lisiujeruhi mkono wenyewe. Wapo wanaouchoma mpira kwa moto. Njia hiyo ni ya haraka, lakini moshi wake ni sumu na haifai kufanywa ndani ya gereji. Bushi mpya husukumwa kwa jiliwa au presi, ikilainishwa kwa povu la sabuni. Grisi na oili havifai, kwa kuwa hula mpira.

Kosa ambalo mafundi wengi hulifanya huja mwishoni, wakati kazi inaonekana kwisha. Gari likiwa bado juu ya stendi, magurudumu ya nyuma huning'inia chini kuliko yanavyokaa barabarani. Nati zikikazwa hapo, mpira hushikwa ukiwa katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, bushi zote hujisokota kabla hata ya safari kuanza, na baada ya muda mfupi hupasuka. Nati hutakiwa kukazwa kidogo tu kwanza, gari lishushwe likae kwa uzito wake juu ya tairi, ndipo zikazwe moja kwa moja.

Siku hizi zipo bushi za poliyurethani, ngumu kuliko za mpira na zisizodhurika na mafuta. Huifanya sehemu ya nyuma ya gari iwe tulivu katika kona, lakini hupitisha mtetemo mwingi zaidi kwenye bodi, na zisipopakwa grisi yake maalumu hulia kama mlango wa ghala. Kwa gari la kutembelea mjini, mpira wa kawaida bado unatosha.

Kazi ya namna hiyo huhesabiwa kwa saa, wala si kwa dakika. Dereva wa Safari Rally aliyefikia hatua ya kuihitaji katikati ya mashindano alikuwa amekwisha kushindwa. Ndiyo maana wakati wa kuinusuru bushi ulikuwa pale pale kwenye usukani, sekunde moja au mbili kabla ya shimo.

Dereva asiye na uzoefu hukanyaga breki mpaka ndani ya shimo. Uzito wa gari hulalia mbele, springi zinakuwa zimekwisha kubanwa, na pigo lote huishia kwenye viungo. Mwenye uzoefu hupunguza mwendo mapema, huachia breki kabla tairi halijazama, na kulipa gari nafasi ya kupanda na kushuka kwa urefu wake wote. Hupoteza kidogo hapo. Lakini kilomita 1,000 mbele bado analo gari lenye mkia ulionyooka, na yule aliyempita kwa kishindo yuko kando ya barabara akisubiri gari la mafundi.

Mtu aliyewahi kupanda basi kutoka Bukoba kwenda Karagwe, enzi ambazo lami ilikuwa bado haijavuka Kyaka, hahitaji kuelezwa zaidi juu ya pigo hilo. Nchi ya upande ule na nchi ya Uganda alikojifunzia Mehta ni udongo mmoja, ule ule mwekundu, uliokatwa katikati na mto Kagera na mpaka wa wakoloni. Mafundi wa gereji za Kayanga na Bukoba wamezoea kupokea magari yenye kilio kile kile cha bushi za nyuma.

Na huko Karagwe, heshima kwa mtu anayekijua chuma si jambo la jana. Bweranyange, makao ya zamani ya watawala wa ufalme wa Karagwe, ilikuwa na hazina ya vyombo vya kifalme vya chuma, zikiwamo nyundo, mikuki na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa ustadi. John Speke aliyepokewa na Mukama Rumanyika mwaka 1861, na Henry Stanley aliyefika mwaka 1876, walikuta ufalme ambao nyundo ya mhunzi ilikuwa miongoni mwa alama za utawala wenyewe.

Mpaka huo wa Kagera ndio Amin aliouvuka Oktoba 1978. Majeshi yake yaliteka eneo lote la kaskazini mwa mto na daraja la Kyaka likavunjwa. Tanzania ilijibu, na jibu hilo likaishia Kampala siku chache kabla ya Pasaka iliyoelezwa hapo juu.

Katikati ya ushindi wa kwanza wa Mehta na ule wa pili palikuwa na miaka 5 mikavu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, Ove Andersson akashinda 1975 kwa Peugeot 504, Björn Waldegård 1977 kwa Ford Escort, na Jean-Pierre Nicolas 1978 kwa Peugeot 504 yenye injini ya V6. Mashindano nayo yalikuwa yamebadilika. Jina la Afrika Mashariki liliondolewa mwaka 1974 na Safari Rally ikawa ya Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika.

Aliporudi kileleni mwaka 1979, Mehta hakuwa tena na gari la michezo. Datsun 160J, iliyojulikana pia kama Violet, ilikuwa saluni ya kawaida. Haikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea kama 240Z, bali ekseli moja ngumu iliyoshikwa kwa mikono 4. Wataalamu wa Ulaya waliuona mtindo huo kuwa wa kizamani. Lakini ekseli ya namna hiyo ina fadhila moja: hata bushi zake zikianza kuchoka, magurudumu mawili ya nyuma hubaki sambamba, na gari huendelea kwenda linakoelekezwa. Kwa barabara za Kenya, uzamani huo ulikuwa akili.

Msoma ramani wake alikuwa tena Mike Doughty, yule yule wa mwaka 1971, na wawili hao walibaki pamoja kwa ushindi wote 4. Mwaka 1979 walimwacha nyuma Hannu Mikkola aliyekuwa na Mercedes 450 SLC, gari lenye injini ya lita 5. Mwaka 1980 na 1981 aliyemaliza wa pili alikuwa Rauno Aaltonen wa Finland, dereva mwenye akili nyingi aliyeitafuta Safari Rally kwa miaka mingi bila kuipata. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwisho wa mwaka huo alitwaa ubingwa wa dunia.

Ukiitazama orodha hiyo ya walioshindwa, hoja kwamba Mehta alibebwa na uenyeji wake haisimami vizuri. Kuijua barabara kulimsaidia, bila shaka. Lakini wenyeji wengine walikuwepo, tena wengi, na walizijua barabara hizo hizo. Aidha, mwaka 1981 Mehta alimaliza wa tano katika msimamo wa madereva wa dunia, nafasi ambayo haipatikani kwa mashindano ya nyumbani pekee.

Katika baadhi ya mbio za nje, aliyekaa kiti cha pembeni na kumsomea ramani alikuwa mkewe, Yvonne. Si ndoa nyingi zinazoweza kustahimili mtu mmoja kumwelekeza mwingine njia usiku kucha katika mwendo ule, achilia mbali kufika salama.

Safari hiyo ilikatika mwaka 1987 nchini Misri. Akiwa katika mbio za jangwani za Farao na gari la Peugeot, Mehta alipata ajali mbaya iliyomjeruhi vibaya na kuhitimisha maisha yake ya udereva. Yule aliyesifika kwa kuyafikisha magari alivunjika yeye mwenyewe, na matibabu yake yakawa ya muda mrefu.

Hakuuacha mchezo. Alihamia upande wa uongozi katika Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, na kufikia kuwa rais wa kamisheni yake ya rally. Katika miaka hiyo mbio za dunia zilikuwa zikigeuka kuwa fupi, za barabara zilizofungwa na ratiba iliyopangwa kwa ajili ya televisheni, na mashindano marefu ya mtindo wa Safari yakaanza kuonekana kuwa mzigo. Mwaka 2002 ukawa wa mwisho kwa Safari Rally kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa enzi hiyo.

Shekhar Mehta alifariki dunia jijini London Aprili 12, 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Ilikuwa Jumatano, siku 4 kabla ya Pasaka.

Hakuishi kuona Safari Rally ikirejeshwa kwenye ubingwa wa dunia Juni 2021, safari hii makao yakiwa Naivasha. Waldegård aliikaribia rekodi yake kwa kushinda mara 4, ya mwisho ikiwa 1990, na Carl Tundo wa Kenya ameifikia idadi ya ushindi 5, ingawa wake ulipatikana katika miaka ambayo Safari ilikuwa nje ya ubingwa wa dunia.

Magari nayo yana maisha yao. Ile 240Z ya Herrmann iliyomshinda Mehta mwaka 1971 imehifadhiwa na Nissan katika ghala lake la kumbukumbu huko Zama, Japani. Nyingine za aina hiyo bado zinakimbia katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa mwaka 2003. Kabla ya kila safari mafundi huzilalia chini na kuzikagua bushi za nyuma, na kwa zile zilizokwisha kufunguliwa mara nyingi, msumari mrefu hutoka kwa kusukumwa na kidole.